Mashine Isiyobebeka

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Likizo ya uzazi imekwisha, na sketi yangu ya ofisini imekataa kufunga zipu. Nimeibana kwa pini. Basi! Atakayechungulia atajua mwenyewe alikuwa anatafuta nini.

Bosi kaniita kabla sijaweka hata mkoba chini. Kasema amefikiri sana. Mtoto bado mchanga, na kazi yangu ya kubuni lebo na maboksi ya bidhaa haina lazima nikae pale kutwa. Nifanyie nyumbani, nije ofisini siku za kukutana na wateja tu. Kampuni itanipa kompyuta mpya. Nichague – ya mezani au laptopu. Jibu Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilitaka kumkumbatia. Nikakumbuka pini.

Kabla sijatoka mlangoni kwake ofisi nzima ilikuwa imeshanichagulia. Laptopu! Laptopu! Dada wa mapokezi kasema angekuwa yeye angetaka ya rangi ya dhahabu, aifungue mbele za watu. Wote wanajua ninachotaka isipokuwa mimi. Nikacheka nao. Lakini njiani nikawa nawaza: nimempakata mtoto tangu azaliwe, mapaja yamekufa ganzi. Sasa na kazi nayo niipakate?

Jumanne, 4 Machi

Nimewaambia wa nyumbani. Baba Kidosho kafurahi kuliko mimi. (Kidosho ni mwanangu. Jina lake la cheti ni refu kuliko yeye mwenyewe, tukaona tumsubiri akue nalo.)

Baba Kidosho: laptopu, bila hata swali! Utakaa popote. Ukichoka sebuleni unahamia chumbani. Tukisafiri unakwenda nayo.

Mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu nilipojifungua – Mungu amweke, bila yeye ningeshaanguka – naye kaunga mkono. "Chukua hicho cha kubebeka, mwanangu. Utakuwa unafanya kazi huku unaangalia sufuria."

Kasema kwa upendo kabisa. Ndiyo maana nimeshindwa kumjibu.

Nikauliza tu: na nikitaka ile ya mezani, itakaa wapi? Mimi najua pa kukaa. Stoo. Ina dirisha dogo, ina soketi, ina mlango. Mlango wenye ufunguo! Lakini stoo imejaa spika za shemeji.

Shemeji aliwahi kupiga muziki kwenye sherehe za watu. Spika mbili kubwa kama makabati, na nyingine ndogo ndogo, na waya zilizosukana kama utumbo. Kaziweka kwetu "kwa muda". Mimi nimeolewa nikazikuta. Hazijatoa sauti hata siku moja, lakini zina chumba chao.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa kompyuta wa ofisini kaniazima laptopu ya zamani nijaribu kabla ya kuamua. Kijana mpole, miwani mizito. Kaniambia niitumie kama ninavyotumia kawaida.

Nikaanzia meza ya chakula. Mama mkwe akataka kuchambua mchele, nikahamia kwenye kochi. Akaja jirani kumsalimia mtoto, nikahamia chumbani. Kitandani Kidosho akapiga teke kibodi, boksi zima la biskuti nililolipanga likapotea. (Likarudi. Nilishatoa machozi tayari.) Nikaenda jikoni.

"Mbona unahamahama kama paka mwenye watoto?" Mama mkwe akacheka.

Nikacheka pia. Halafu akaniwekea vitunguu na kisu pembeni ya laptopu. "Nikatie hivyo, si umekaa tu?"

Si umekaa tu! Nilikuwa napanga maandishi ya upande wa nyuma, yale madogo ya viungo vya biskuti, ambayo ukikosea herufi moja mteja anarudisha mzigo mzima. Lakini ukiangalia kwa mlangoni, ni mwanamke amekaa, ana kitu mapajani kinawaka. Huenda anaangalia picha za harusi za watu.

Nimekata vitunguu. Machozi nimesingizia vitunguu.

Ijumaa, 7 Machi

Shingo. Shingo! Siwezi kugeuka kushoto. Mtu akiniita upande huo nageuka mwili mzima kama lori.

Kidosho kalala kifuani, nimemaliza lebo ya sabuni kwa mkono mmoja, nimeituma. Nimejisifu.

Jumatatu, 10 Machi

Nisingejisifu.

Asubuhi kanipigia Mzee Wino, yule anayesimamia mashine ya kuchapa. "Binti, hii sabuni yako imeoza?" Nikadhani utani. Akanitumia picha. Ile sabuni ya majani, ambayo mteja alitaka kijani cha jani bichi, jani la asubuhi – imetoka rangi ya matope. Rangi ya choo cha mtoto, nisemeje tena, mimi ndiye ninayembadilisha nepi.

Ametoa karatasi ya kwanza tu, akasimamisha. Mungu ampe maisha.

Nimekaa nayo hadi nikaelewa. Ijumaa nilikuwa nanyonyesha. Laptopu nimeilaza pembeni, kioo kimeinama nyuma ili nione nikiwa nimejiegemeza. Na kioo cha ile laptopu, ukikitazama kwa chini kijani kinang'aa, ukikitazama kwa juu kinafifia. Mimi nilikitazama kwa chini. Kiking'aa kupita kiasi nikakitia giza, kiking'aa tena nikaongeza giza, hadi kikapendeza – kikapendeza kwa mtu aliyelala chali na mtoto kifuani! Kile kitabu cha sampuli za rangi, ambacho ndicho tunachokiamini kuliko macho, kilikuwa juu ya meza. Kukifuata ni kumwamsha Kidosho. Sikukifuata.

Nikaenda ofisini kumweleza Bosi mwenyewe, mtoto nimemwacha na bibi yake. Bosi hakufoka. Kasema yanatokea. Lakini nilipopita mapokezi nikasikia wanavyosema kwa sauti ya chini: uzazi bado umemchanganya, maskini.

Maskini nani?

Uzazi haujanichanganya. Mimi najua kijani. Nilijua kijani kabla sijajua wanaume. Nipeni kioo kinachosimama wima, kisichoinama kila mtu anapoinama, na meza ya kuweka kitabu changu cha rangi karibu na mkono. Halafu ndipo mniite maskini.

Nimeamua. Ya mezani.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeingia stoo na utepe wa kupimia nguo. Meza ndogo ya chumbani inaenea chini ya dirisha. Kiti kinaenea. Hata kikapu cha Kidosho kinaenea kona ile, kama anataka kulala karibu nami. Spika hazienei.

Baba Kidosho kanikuta nimepiga magoti napima.

"Unatafuta nini huko?"

"Ofisi."

Akadhani mzaha. Alipoona si mzaha akakaa juu ya spika, akashika kichwa. Huyu ni mwanamume wa amani. Shida yake, amani kwake maana yake asiulizwe kitu. Akaanza taratibu: mke wangu, laptopu nayo ni kompyuta. Nguvu ni ile ile siku hizi. Kwa nini tujitafutie maneno na watu?

"Watu gani?"

"Si unajua. Yule ni kaka yangu."

"Na mimi ni nani, mpangaji?"

Mama mkwe akasikia, akaja na mtoto begani. Kasema vitu vya mtu havitupwi nje, mwanawe siku moja atarudi kwenye kazi yake. Nikamwambia: Mama, mimi nimesharudi kwenye yangu. Kasema yeye kalea sita bila chumba cha kujifungia, na wote wamekua.

Nikakunja utepe wangu. Si kwa kushindwa. Nilikuwa nawaza kitu ambacho sasa nakiandika ili nisikisahau:

Laptopu haimsumbui mtu yeyote. Ndiyo maana wote wanaipenda. Hakuna atakayehamisha spika. Hakuna atakayehama meza ya chakula. Hakuna atakayempigia kaka yake simu. Nitahama mimi. Kochi, kitanda, jikoni, ngazi za nje – nitahama mimi na mashine yangu mkononi, na jioni wataniuliza umefanya nini leo, si ulikuwa umekaa tu.

Mashine ya mezani ina uzito. Ukishaiweka imewekwa. Atakayenitaka atanifuata.

Alhamisi, 13 Machi

Umeme umekatika tangu asubuhi. Siku hii hii!

Baba Kidosho karudi nyumbani mapema, duka la vipuri anakofanya kazi limefungwa kwa giza. Kaingia akitabasamu kama aliyeukata umeme yeye. "Unaona sasa? Ungekuwa na ile ya mezani ungekuwa unaitazama tu kama kabati. Laptopu ina betri."

Hapo kanipata. Sidanganyi kwenye daftari langu mwenyewe. Kanipata kabisa. Umeme hapa kwetu una tabia zake, na kazi za wateja hazingoji.

Nikampigia fundi wa kompyuta. Kasema kuna boksi la betri linaunganishwa chini ya meza, umeme ukikatika linakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Si muda wa kufanya kazi – wa kuzima. Kijana mkweli. Angeweza kunitia moyo wa uongo.

Basi umeme ukikatika sifanyi kazi. Nimelitazama hilo neno muda mrefu. Sifanyi kazi.

Halafu nikamtazama Baba Kidosho. Umeme umekatika, duka limefungwa. Yeye karudi nyumbani, kavua viatu, kapewa chai, kanyoosha miguu. Hakuna aliyemwambia atafute duka la betri. Kwa nini mimi tu ndiye niwe na chaji siku zote?

Nikamuuliza. Chai ikampalia.

Mama mkwe kampiga mgongo. Nimeona – nimeona kwa macho yangu – ameficha mdomo kwa mtandio. Alikuwa anacheka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempa Bosi jibu. Ya mezani, kioo kikubwa, na lile boksi la betri.

Akakunja uso. Kasema alidhani mama mwenye mtoto angetaka kitu chepesi. Nikamwambia vitu vyepesi ninavyo vingi, Bosi. Akauliza: na wateja je, wakitaka nikawaoneshe kazi kwao? Nikasema nitachapa sampuli nije nazo. Mteja wa sabuni hataki kuona kijani kwenye kioo, anataka kukiona kwenye karatasi, akipeleke dirishani kama kitambaa. Sivyo, Bosi? Akafikiri. Akasema ni kweli.

Lakini kaweka sharti. Kampuni haiwezi kuacha mashine ya watu sebuleni, karibu na chai na mipira. Fundi ataileta Jumanne. Akikuta pahala pake – chumba, meza, mlango – anaifunga. Asipokuta anarudi nayo, na mimi nachukua laptopu, kwa moyo mmoja, tusizungumze tena.

Nikasema sawa.

Nimesema sawa! Na spika bado zimekaa kama wafalme.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji kaja. Aliyempigia simu ni mimi. Baba Kidosho alisema atampigia, halafu simu ikawa haina salio, halafu ikawa inachajiwa, halafu ikawa sijui imekuwaje.

Shemeji mtu wa maneno matamu. Kaingia na matunda, kambeba Kidosho, kamwita bosi mdogo. Alipomaliza kula nikamwambia.

"Shemeji yangu," kasema, "zile si takataka. Ni vifaa vya kazi."

"Najua. Na mimi naleta vyangu."

"Siku mbili hizi nitapata wapi gari?"

"Hata mkokoteni, shemeji. Zilikuja kwa miguu?"

Akacheka. Akamtazama kaka yake. Baba Kidosho akawa anamchunguza mtoto masikio, kama daktari. Shemeji akamtazama mama yake. Mama mkwe akasema chumba ni cha Baba Kidosho, mwenye nyumba ndiye aseme.

Wote tukamgeukia mwenye nyumba. Akasema: "Tutaona."

Tutaona! Mimi nimekwisha kuona.

Shemeji akaondoka na kuahidi kwamba mwezi ujao, Mungu akipenda. Nilipomsindikiza mlangoni kaninong'oneza, bila ubaya: "Chukua laptopu, shemeji. Wenzio wanazililia." Nikamwambia wenzangu wachukue. Nikamwambia pia kwamba Jumanne asubuhi spika zitakuwa barazani, chini ya paa, nimezifunika nailoni vizuri, mvua haitazifikia. Akija na gari atazikuta. Asipokuja zitamngoja hapo hapo.

Akadhani natania. Kwa nini kila nikisema kweli watu hawa wanadhani natania?

Jumatatu, 17 Machi

Kidosho ana homa kidogo ya chanjo. Sikufanya lolote. Kumbeba tu. Kunyonyesha, kumbeba, kumwimbia. Ukimbusu kichwani anatoa joto kama mkate.

Mwanangu, mama yako si mkorofi. Wakikuambia ukubwani, waulize na upande wangu.

Jumanne, 18 Machi

Naandika hapa hapa, ukumbini, juu ya boksi. Nisipoandika nitapiga kelele.

Baba Kidosho kaondoka mapema kuliko siku zote. Kambusu mtoto, kanibusu mimi, kaaga kama anayevuka mpaka. Baadaye kaleta ujumbe kwenye simu: fanya unavyoona. Nimeusoma mara nyingi. Ni ruhusa au ni kukimbia? Nimeamua ni ruhusa.

Waya nimezitoa zote peke yangu, nimezikunja, nimezifunga kwa kamba. Spika ndogo nimezitoa. Barazani nimetandika mbao, nailoni ipo tayari. Zimebaki zile kubwa mbili. Ya kwanza nimeisukuma, imesogea kidogo, ikagoma. Nikaisukuma kwa mgongo. Imegoma.

Hapo fundi akabisha hodi, na mwenzake wa gari. Wakaingiza maboksi, wakayapanga ukumbini, mwenye gari akaenda zake, ana mizigo mingine. Akabaki kijana wa miwani na mimi. Kachungulia stoo. Kaniangalia. "Dada, Bosi kasema nisipokuta nafasi..."

"Nafasi ipo. Imekaliwa."

Na imekaliwa kweli! Mama mkwe kaingia stoo na mtoto, kakaa juu ya spika. Kajituliza pale kama yuko kituoni anasubiri basi. Mimi nikakaa juu ya boksi la mashine, mlangoni, tukatazamana. Fundi kasimama katikati, hajui aangalie dari au sakafu.

"Kwa hiyo utakuwa unajifungia humu," kasema Mama mkwe.

"Ndiyo, Mama."

"Mtoto akilia?"

"Si wewe upo, Mama. Na mimi niko hapo, kati yetu ni ukuta tu. Akitaka kunyonya utaniletea."

"Nitaingia tu."

"Utagonga, Mama. Halafu nitafungua."

Nilisema hivyo kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Nigonge! Ndani ya nyumba ya mwanangu! – hakusema hivyo, lakini niliusikia uso wake ukisema. Huyu ndiye aliyeniosha siku nilipotoka hospitali siwezi kuinama. Ndiye aliyenilisha. Sitaki kumuumiza. Na sitatoka juu ya boksi hili.

"Gonga, na mimi nifungue," nikarudia. "Kila ukigonga nitafungua. Siku nisipofungua, hiyo ndiyo siku ya kuniita mkorofi."

Akamwangalia Kidosho, akaliangalia dirisha, akaiangalia soketi, akazipiga zile spika kwa kiganja – puu, puu – kama mtu anayepima tikiti.

Fundi kauliza kwa upole, arudi na mashine? Ana kituo kingine kabla ya saa sita. Nikamwambia asubiri. Kauliza asubiri nini. Ndipo nikachukua daftari.

Nimefika hapa. Mama mkwe kasimama.

Kaja moja kwa moja kwa fundi, kamkabidhi mtoto. Hakuuliza, kamkabidhi tu! Kijana kamshika Kidosho kama trei ya mayai, miwani imeteleza puani, hawezi kuipandisha. Kidosho anamshangaa.

Mama mkwe kavua mtandio, kaukunja mara mbili, anajifunga kibwebwe. Anakaza fundo. Ndivyo wanavyojifunga wanawake wanaotaka kupigana, na ndivyo wanavyojifunga wanaotaka kubeba. Ananitazama, kidevu kimeelekea kwenye spika au kimeelekea kwangu, kwa hapa nilipokaa siwezi kujua.

"We mama," kasema, "kalamu hiyo weka chini."